Nionjee, Mama

"Apike," alisema Bi Mkubwa, na hakuongeza neno.

Mwanawe alikuwa amemaliza jioni nzima akimweleza kwamba anataka kuoa, kwamba mwanamke amempata, kwamba mwanamke mwenyewe ana kazi yake na akili zake timamu. Jibu alilopata ndilo hilo. Alipozidi kubembeleza ndipo mama akafafanua: aje jikoni kwangu, apike, nami nile. Nikimaliza nitakuambia ndiyo au hapana, na nikisema hapana usiniletee tena habari zake humu ndani.

Basi Jumapili hiyo, jua likiwa bado kali dirishani, Fundi alisimama katika jiko la mama wa mwanaume anayempenda, mikono imejaa nyama ya kusaga na roho iko juu juu.

Jina la Fundi lilitokana na kazi. Alikuwa fundi miwani katika duka dogo karibu na posta, kazi ya kusaga vioo na kukaza skrubu ambazo mtu mwingine hata hazioni. Huko dukani ndiko alikokutana na Brashi, mpiga rangi za nyumba, aliyeingia siku moja na miwani iliyomwagikiwa rangi vioo vyote viwili.

"Unaona nini na hii?" Fundi alimuuliza siku hiyo.

"Tangu asubuhi naona dunia nzima nyeupe," Brashi alijibu. "Nisafishie kwanza, nikikuona wewe ndipo nitajua kama imepona."

Alisafishiwa, akavaa, akamtazama fundi wake kwa muda ambao haukuwa wa lazima, kisha akasema imepona. Kesho yake akarudi kusema imelegea. Keshokutwa akarudi tena, na safari hiyo hakujisumbua hata kutaja miwani.

Sasa, mwanamke kama huyo Bi Mkubwa alimchukia kwa kosa gani? Kwa kula. Kila alipokaribishwa katika nyumba hiyo alikula kidogo, taratibu, macho kwenye sahani, akashukuru kwa adabu, basi. Hakuguna kwa raha, hakuomba kuongezewa, hakuuliza mchuzi umetiwa nini. Na Bi Mkubwa ni mtu ambaye majirani zake hujifanya wanapita tu, kumbe wamepiga hesabu ya saa ya chakula.

"Anakula chakula changu kama anameza dawa," alimlalamikia wifi yake, yaani shangazi wa Brashi. "Yule ana maringo."

Shangazi, ambaye tangu kaka yake afariki alijiona ndiye baba wa nyumba, alikubali kabla sentensi haijaisha. "Mwenye maringo tumpeleke wapi? Akaringe kwingine."

Wote wawili hawakujua. Ukweli ni kwamba homa mbaya ilimpata Fundi miaka michache nyuma, ikamlaza, ikamwinua, na ilipoondoka iliondoka na ladha na harufu zote. Chumvi, sukari, kitunguu kikikaangwa, sabuni, mvua, vyote kwake vilikuwa sawa na hewa. Dada yake mkubwa alimwonya mapema: usimwambie mtu, watasema una kasoro, nani atamwoa mwanamke asiyejua chakula kimeiva au kimeoza? Fundi akafunga mdomo. Ukimwacha dada, aliyejua ni Brashi peke yake, na yeye hakuambiwa, aligundua mwenyewe siku alipompelekea kazini uji aliokosea akautia chumvi badala ya sukari. Yeye alionja wake akautema. Akainua macho, akamkuta Fundi anakwangua bakuli.

Hakucheka. Alimshika mkono tu, akasema, "Kumbe umekuwa ukiishi hivyo, na mimi nakuuliza kila siku umekula nini." Siku hiyo Fundi alijua kwamba huyu hamwachi.

Tangu hapo wakabuni mtindo wao. Fundi anapika, Brashi anaonja, na uso wa Brashi unasema. Akiinua nyusi, chumvi bado. Akijikuna pua, imetosha. Akifumba macho, usiguse kitu chochote. Kwa njia hiyo walipika vyakula vingi kwa kijiko kimoja na vicheko tele, na walichokipenda kuliko vyote ni supu ya Kiitaliano ya vidonge vya nyama na mboga za majani, ambayo Fundi aliiona kwenye simu. Huko inakotoka wanatia majani machungu, wao wakatia spinachi. Tambi ndogo zilipokosekana walivunja zile ndefu kwa mikono. Waliipika mpaka ikawa yao. Ndiyo aliyochagua kuipika leo, na Brashi aliahidi kusimama mlangoni tangu mwanzo mpaka mwisho.

Na alisimama. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango baada ya kuonja mchuzi, akijikuna pua kwamba vitunguu vimetosha na kuinua nyusi kwamba chumvi bado, rangi ya bluu bado imemganda sikioni. Kila Fundi alipoinua macho aliyakuta macho yake yanamsubiri, na moyo ukatulia kidogo. Bi Mkubwa alikaa kwenye stuli pembeni, miguu ameipishanisha, anatazama.

"Hivyo vidonge mbona vidogo?" aliuliza. "Unampikia njiwa?"

"Vinatakiwa viingie kijikoni pamoja na majani, mama," Fundi alisema, akiviringisha kimoja kiganjani mpaka kikawa kama gololi. Nyama ilikuwa na chenga za mkate, yai, kitunguu saumu na jibini ya kukwaruza. "Vikiwa vikubwa mtu anakula nyama kwanza, supu inabaki peke yake."

Bi Mkubwa alisogeza stuli karibu. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe umesimama hapo unalinda nini? Nenda ukamchukue shangazi yako. Anangoja kwake tangu saa ngapi sijui."

Brashi akashtuka. "Mama, anaijua njia. Atakuja mwenyewe."

"Na magoti yale?"

"Nikimaliza hapa nitaenda."

"Ukimaliza nini? Unapika wewe?"

Brashi alimtazama Fundi, na Fundi akaona yote aliyotaka kusema na hawezi. Akamwitikia kwa kichwa polepole: nenda. Brashi akajivuta mlangoni kama mtu anayevuliwa koti asilotaka kulivua, na hatua zake zikasikika uani, halafu hazikusikika tena. Fundi alibaki na sufuria, na mama mkwe ambaye hajawa mama mkwe.

Alijipa moyo. Mchuzi wa mifupa ya kuku ulikuwa unachemka pamoja na karoti na vitunguu. Alidondosha vidonge kimoja kimoja, vikazama, akafungua kopo la chumvi. Hapo ndipo Bi Mkubwa aliposema alichokaa nacho muda wote.

"Binti, nikuulize. Chakula changu kina nini?"

Mkono wa Fundi ulisimama hewani. "Hakina kitu, mama."

"Hakina kitu. Basi kwa nini unakula kama umeshikiwa fimbo? Mimi nimelisha misiba, nimelisha arusi, nimelisha mabosi wa marehemu mume wangu, hakuna aliyekaa mezani kwangu na uso huo. Siku ile nilichinja kuku wangu mwenyewe kwa ajili yako. Niliamka mapema. Ukala paja nusu, ukasema ahsante mama, ukanawa mikono." Sauti yake ilipungua. "Nilijisikia vibaya sana, sikufichi."

Fundi alitamani sakafu ipasuke. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa masimango, kwa lolote, ila hakujiandaa kusikia kwamba alimuumiza mtu. "Nisamehe, mama," alisema. "Sikuwa na nia mbaya hata kidogo."

"Nia sioni mimi. Naona sahani."

Vidonge vikaanza kuelea juu, dalili kwamba vimeiva. Fundi akainamisha macho kwenye kazi yake ili machozi yasionekane, na akaliona kopo la chumvi liko wazi mkononi mwake, na kijiko cha ndani kimelowa.

Ametia, au hajatia?

Alijaribu kukumbuka, akili ikagoma. Alikumbuka kufungua kifuniko. Alikumbuka kuku, paja nusu, sauti ya Bi Mkubwa ikipungua. Kati ya hapo palikuwa na shimo. Kijiko kimelowa, ndiyo, lakini mvuke wa sufuria unalowesha chochote. Mpishi mwingine yeyote, hata mtoto, angechota tone moja akajua. Yeye alichota, akaweka ulimini, akasikia moto tu. Akatazama mlangoni kwa mazoea. Mlango ulikuwa mtupu.

Angeweza kubahatisha. Akitia tena na kumbe alitia, supu itakuwa haimezeki, na jibu litakuwa hapana. Asipotia na kumbe hakutia, litakuwa hapana vilevile. Au angeweza kuvuta muda, akate majani polepole, afute meza, amngoje Brashi arudi na nyusi zake. Alifikiri hayo yote. Halafu akafikiri jambo jingine: kwamba hata akibahatisha leo akapatia, kesho atabahatisha tena, na kila Jumapili ya maisha yake, mbele ya mwanamke ambaye ameamka mapema kumchinjia kuku.

Akapiga moyo konde, akamnyooshea Bi Mkubwa kijiko.

"Mama, nakuomba unionjee."

"Nikuonjee? Wewe huna ulimi?"

"Sina."

Bi Mkubwa alikunja uso, akidhani anafanyiwa utani.

"Sisikii ladha, mama. Wala harufu. Niliugua, homa ikanitoka, ladha nayo ikanitoka na haijarudi. Kuku wako sikumsikia. Niliwaona watu wamekaa pale mezani wanafumba macho kwa utamu, nikawa namwomba Mungu anisikilizishe japo tonge moja. Haikuwa maringo. Nilikuwa naona aibu." Sasa machozi yalikuwa yanatiririka na hakuyafuta. "Na hivi sasa nimesahau kama nimetia chumvi au sijatia, na sina namna ya kujua isipokuwa uniambie wewe."

Bi Mkubwa alikipokea kile kijiko, akakiweka pajani. Aliongea chini chini. "Hata kahawa?"

"Hata kahawa."

"Maskini mtoto wa watu." Kisha kitu kikamjia. "Na mwanangu anajua?"

"Anajua. Ndiye anayenionjea. Ananionyesha kwa uso."

Mama mtu akaukumbuka ule mlango, zile nyusi zilizokuwa zinapanda na kushuka, pua iliyokuwa inakunwa haina upele. "Mimi nilidhani anakukonyeza," alisema. "Nilikuwa nasema moyoni, kijana huyu hana haya, anakonyeza wanawake mbele ya mama yake." Na akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni kikampandisha mabega, mpaka Fundi naye, na machozi yake, akajikuta anacheka.

Ndipo Bi Mkubwa akainuka kwenye stuli. Akachota, akapuliza, akaonja. "Hujatia hata punje," alisema. "Ila mchuzi una nguvu. Mifupa hii uliichoma kwanza?"

"Niliibanika kidogo."

"Inasikika." Akatia chumvi mwenyewe, akakoroga, akaonja tena, akaridhika. Lakini hakurudi kukaa. "Sasa niambie. Mdomoni mwako unabaki na nini? Hakuna kabisa kabisa?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Fundi alifikiri. "Pilipili nasikia inavyowasha. Limau linanikaza mashavu. Baridi, moto. Na kitu kikivunjika menoni, nakisikia."

"Basi hivyo ndivyo tutakavyopika." Bi Mkubwa akamnyang'anya kisu. Spinachi iliyokuwa imekatwa laini akaiweka kando, akatoa kabichi changa kutoka kapuni, akaikata vipande vinene. "Spinachi inalegea. Hii itie mwisho kabisa, isilainike, uisikie inalia kwenye meno. Pilipili manga iko wapi? Usinipe unga, nipe punje, tuzipondeponde. Na limau nalo mtu akamue mwenyewe mezani."

"Waitaliano hawatii kabichi hivyo, mama."

"Waitaliano hawana mkwe kama wangu."

Neno lilimtoka kirahisi, kama mtu anayeomba kisu kingine. Fundi alilisikia, akageukia sinki haraka, akafungua bomba na kuosha kijiko kilichokuwa safi.

Hivyo ndivyo Brashi alivyowakuta. Aliingia mbio, amemwacha shangazi anavua viatu barazani, na alichokiona kwanza ni macho mekundu ya Fundi. Cha pili ni mama yake ameshika kisu na sufuria ni yake. Akajumlisha moja na moja, akapata jibu lisilo sahihi hata kidogo.

"Mama, basi," alisema. Fundi hakuwahi kuisikia sauti hiyo kwake. "Umemliza, na jiko umemnyang'anya. Sitaki tena jibu lako. Nilitaka baraka zako, naapa nilizitaka, lakini nampenda mwanamke huyu na nitamwoa. Supu ikiwa nzuri nitamwoa, ikiwa mbaya nitaila na kumwoa. Ukitaka uje, usipotaka nitakuletea picha."

Bomba lilikuwa bado linatiririka. Fundi alilifunga. Alimtazama mwanaume huyo mwenye rangi sikioni, na akahisi kwamba hata wakifukuzwa sasa hivi ataondoka akiwa tajiri.

"Umemaliza?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Nimemaliza."

"Vizuri. Toka mlangoni, mwanangu. Hiyo kazi yako nimeichukua mimi."

Brashi alimtazama mama, akamtazama Fundi. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe," Fundi alisema, na akacheka kwa uso wake wote, kwa mara ya kwanza katika nyumba hiyo.

Mezani, shangazi alichukua kiti cha mbele bila kuulizwa. Alinusa bakuli, akakoroga, akatafuta kasoro kwa kijiko kutoka pembe hii hadi ile. Akala kidonge kimoja. Akala cha pili. Akakamua limau. Akainama na hakuinuka mpaka bakuli likawa jeupe, na Bi Mkubwa akamwongezea bila kuuliza. Ndipo akakumbuka kilichomleta.

"Haya, mpishi ni huyu," alisema, akimwelekeza Fundi kidevu. "Na mbona yeye haguni? Si ndiyo yale yale tuliyosema, wifi?"

Brashi alifungua mdomo. Fundi akamwekea mkono juu ya mkono wake. "Acha, niseme mimi," alisema, kisha akamgeukia shangazi. "Shangazi, mimi sisikii ladha. Ni ugonjwa ulionipata, sikuzaliwa hivyo na sijui kama utapona. Nilikuwa naficha. Sifichi tena."

Kijiko cha shangazi kilitua mezani. "Hasikii ladha," alirudia. "Wifi, umesikia? Mnataka kumwoza mtoto wa kaka yangu mwanamke asiyejua chumvi na sukari? Atamlisha nini huyu?"

"Atamlisha hicho unachokula," Bi Mkubwa alisema. "Na hilo ni bakuli la pili, wifi yangu. Kama hulitaki, lirudishe."

Shangazi alilitazama bakuli. Hakulirudisha. Alilivuta karibu kidogo, kama mtu anayeogopa litachukuliwa, na Brashi alilazimika kugeuza uso dirishani asicheke.

Fundi alichota kijiko chake. Pilipili ilimwasha ncha ya ulimi, limau likamkaza mashavu, kabichi ikavunjika menoni kwa sauti aliyoisikia mpaka masikioni, na kidonge kikafuata, laini, cha moto. Hakuwahi kukaa mezani tangu augue akapata vitu vingi hivyo mdomoni mara moja. Aliguna bila kujua. Alipoinua macho alimkuta Bi Mkubwa anamtazama, mikono kifuani, kwa fahari ya mpishi aliyelipwa.

"Jumamosi ijayo," Bi Mkubwa alisema, akimwambia wifi yake lakini macho hayajamtoka Fundi, "tunakwenda kwao. Na wewe ndiye utakayesema."

"Mimi?" Shangazi alimeza. "Nikaseme nini mimi?"

"Useme tumekuja kumwomba binti yao. Kusema hujawahi kushindwa."

"Na wakituuliza tumempendea nini?"

"Waambie alinipa kijiko chake na mimi nilikuwa namsubiri aanguke." Bi Mkubwa alisita, akapangusa meza pasipo na kitu. "Nimeishi na watu wengi humu ndani. Hakuna aliyeniamini hivyo."

Shangazi aliguna, akakwangua bakuli, akafikiri. Upinzani ulikuwa umemwishia, ila hakutaka kuonekana ameshindwa upesi. "Na wakikataa je? Watu wana mabinti zao, wanaringa nao."

"Wakikataa tutakaa papo hapo sebuleni kwao mpaka wabadili mawazo," Bi Mkubwa alisema. "Mimi bila huyu sirudi nyumbani."

Brashi alikuwa tayari ameshamshika Fundi mkono, juu ya meza, mbele ya mama na shangazi, na hakuna aliyewaambia waachane. Fundi alilia tena, safari hii waziwazi, na hakumficha mtu.